Sura ya Nne: Mwenendo Mwema kwa Shilingi 1,050

Wino huanzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Afisa hukishika kidole yeye mwenyewe, maana mwenye kidole akiachiwa hukikandamiza mno, mistari ikarukana. Hukilaza kwa ubavu mmoja wa kucha, akakibiringisha mpaka ubavu wa pili, mara moja tu, bila kurudi nyuma. Vikiisha kumi, kimoja kimoja, hufuata vinne vya kila mkono kwa pamoja. Fomu yenyewe huitwa C24. Kwa kijana wa Kwale anayetafuta kazi ya kutandika vitanda katika hoteli za Diani, ya kulinda lango huko Galu au ya kuendesha matatu kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, hapo amefika katikati ya shughuli aliyoianza kwenye simu, katika mtandao wa eCitizen, kwa kulipa shilingi 1,050.

Kutoka Kwale, alama za vidole huenda zaidi ya kilomita 500 hadi makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, barabara ya Kiambu, Nairobi. Huko hulinganishwa na kumbukumbu za wahalifu. Zisipofanana na za yeyote, mwombaji hupata karatasi inayosema kwamba hana rekodi ya uhalifu. Karatasi hiyo ndiyo inayoitwa cheti cha mwenendo mwema. Wengine husema cheti cha tabia njema, na wengi mtaani hukitaja kwa Kiingereza tu wakaendelea na safari yao.

Kuna mikono inayokataa kusomeka. Mgema wa Matuga anayepanda minazi asubuhi na jioni, mchongaji wa mawe ya matumbawe, mwashi anayeshinda na saruji na mvuvi anayevuta kamba yenye chumvi, wote husaga ngozi za vidole vyao kwa kazi, mistari ikapungua. Alama zikitoka hafifu, fomu huweza kurudishwa na mtu akaambiwa aanze upya. Kwa hiyo anayetoa jasho zaidi ndiye anayeweza kupata taabu zaidi kuthibitisha kwamba yeye ni mtu wa mwenendo mwema.

Neno lenyewe ni kubwa kuliko karatasi hiyo. Mwenendo hutokana na kitenzi kwenda, kwa kupitia enenda, yaani kwenda kwa kuendelea, kushika njia na kuifuata. Kamusi huupa maana mbili zinazokaa bega kwa bega: namna kitu kinavyokwenda, na tabia ya mtu. Ndiyo maana mtangazaji wa redio husoma mwenendo wa bei za vyakula, na ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga mawakili wa Tanzania hubeba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ambayo haizungumzii adabu ya mtu yeyote bali hatua zinazofuatwa na kesi tangu mtu anapokamatwa hadi hukumu. Bei, kesi na mtu vina jambo moja linalovikutanisha. Kila kimoja huacha mkondo wa siku nyingi, na anayetaka kuujua mkondo huo lazima aangalie zaidi ya siku moja.

Hapo ndipo mwenendo unapoachana na ndugu zake. Tabia, iliyotoka Kiarabu, hukaa karibu na maumbile, ndiyo maana watu husema fulani ana tabia ya kusahau bila kumlaumu. Silka na hulka ziko ndani zaidi, mtu huzaliwa nazo. Adabu hufunzwa, na hukaa machoni na mikononi: kuamkia wakubwa, kuvua viatu mlangoni, kupokea kwa mkono wa kulia. Maadili ni kipimo cha jamii nzima, nayo hupendwa sana na waandishi wa hotuba. Mwenendo ni yale ambayo mtu ameonekana akiyafanya, leo, jana na mwaka jana. Mtu anaweza kuwa na adabu mbele za watu na mwenendo mbaya nyuma yao, na sentensi hiyo haimshangazi msemaji yeyote wa Kiswahili.

Neno hili lina tabia zake pia. Kwa umoja halina upande: lazima liongezewe mwema, mzuri, mbaya au wa kutiliwa shaka ndipo lieleweke. Likiingia wingini, hewa hubadilika. Mzazi wa Msambweni akisema mienendo ya kijana wake haielewi, hana haja ya kuongeza neno. Msikilizaji anajua tayari kwamba kuna saa za usiku, kuna marafiki wapya, huenda kuna fedha zisizojulikana zilikotoka. Wazee wengine husema nyendo, na katika vinywa vyao nyendo hazina sifa njema hata kidogo.

Upelelezi wa aina nyingine umekuwapo pwani ya kusini kabla ya idara yoyote ya serikali. Posa ikiletwa, upande wa mwanamke hupokea maneno ya washenga kwa heshima, kisha huomba siku. Katika siku hizo watu hutumwa kimya kimya. Kijana anakaa na nani Ukunda? Akipata mshahara humkumbuka mamake? Msikitini huonekana, au huonekana Ijumaa tu? Ana deni dukani? Kwa Wadigo, ambao ukoo wao kwa asili ulifuata upande wa mama, wajomba nao hawapitwi katika jambo kama hili. Majibu hutoka kwa muuza duka, kwa mwalimu wa chuo, kwa jirani wa ukuta mmoja. Hakuna hata mmoja wao anayeulizwa kama kijana amewahi kufungwa. Hilo lingekuwapo, lingejulikana bila kuulizwa.

Kazi ya uvuvi nayo ina utaratibu wake. Kaskazi inapovuma, wavuvi kutoka Pemba huja kupiga dago katika pwani ya Kwale, Vanga, Shimoni na Gazi zikiwa miongoni mwa bandari zao. Dago ni kambi ya msimu: watu hukaa wiki au miezi, huvua, huuza, kisha hurudi kwao. Mgeni wa dago hutazamiwa kuja na barua ya kumtambulisha, kutoka kwa sheha wa kwao au viongozi wa wavuvi, na kujionyesha kwa kamati ya bandari anakofikia. Tangu kanuni za mwaka 2007 zilipoanzisha rasmi vikundi vya usimamizi wa fuo nchini Kenya, vinavyojulikana kwa ufupi kama BMU, kamati hizo zina nguvu ya kisheria ya kujiwekea taratibu na kusimamia nani anavua wapi na kwa zana gani. Juya, wavu unaokokotwa hadi ufuoni na kusomba hata samaki wachanga, ulipigwa marufuku mwaka 2001. Kwa hiyo mwenendo anaoulizwa mgeni wa dago una maswali yake maalumu: unavua kwa nini, utauza kwa nani, na nani wa kwenu atakayejibu ukiharibu.

Barua ya sheha na cheti cha Nairobi vinafanana kwa kuwa karatasi tu. Aliyeandika barua anamjua anayemwandikia. Aliyetoa cheti anajua alama za vidole.

Wazo la kuuandika mwenendo wa mfanyakazi kwenye karatasi ya serikali si geni Kenya. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwasajili Waafrika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande, karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe za kuingia na kutoka kazini. Kilikaa ndani ya kikasha cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipotia saini kwamba amemwachia mtu huyo, kuajiriwa kwingine kulikuwa kosa. Katika miaka ya 1920 watumishi wa nyumbani nao waliwekewa sheria yao ya usajili, na sifa zao zikawa za kuandikwa na mabwana zao kwenye kijitabu.

Kipande kilichukiwa kuanzia bara hadi pwani. Kilikuwa mojawapo ya malalamiko aliyoyabeba Harry Thuku, ambaye kukamatwa kwake mwezi Machi 1922 kulizusha maandamano Nairobi, na polisi wakawafyatulia risasi waandamanaji. Mfumo huo ulidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, ulipowekwa usajili wa watu wa rangi zote. Wino wa vidole haukuondoka. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi mfanyakazi huitafuta karatasi mwenyewe, na kuilipia.

Karatasi za kisasa zinazotaja mwenendo ziko nyingi, na kila moja hupima kitu chake. Cheti cha kuhitimu shule cha Kenya kina nafasi ya mwalimu mkuu kueleza uwezo, bidii na mwenendo wa mwanafunzi. Nafasi hiyo ni ya mistari michache, na mara nyingi hujazwa kwa neno moja la kuridhisha, kwa mtoto aliyekuwa shuleni miaka minne.

Magereza huupima mwenendo kwa hesabu. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, inamruhusu mfungwa wa kifungo kinachozidi mwezi mmoja kupunguziwa theluthi moja ya adhabu kwa bidii na mwenendo mwema. Aliyepewa miaka tisa katika mahakama ya Kwale, asipoharibu, hutoka baada ya sita. Wa kifungo cha maisha hawamo. Kwa kweli theluthi hiyo huhesabiwa mwanzoni kabisa, na mfungwa huweza kuipoteza kidogo kidogo kwa makosa ya gerezani, hivi kwamba mwenendo mwema ndani ya kuta hizo ni mali anayopewa mtu siku ya kuingia, kisha akaangaliwa kama ataitunza.

Karatasi ya serikali inayokaribia zaidi upelelezi wa posa ni ile ambayo wengi hawaijui mpaka ndugu yao ashtakiwe. Kabla hakimu hajaamua kama aliyepatikana na hatia afungwe au atumikie kifungo cha nje, huweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huyo hafungui kumbukumbu za vidole peke yake. Huenda nyumbani kwa mshtakiwa, hukaa na familia, humwuliza chifu na mzee wa kijiji, humsikiliza aliyekosewa, kisha huandika. Katika ripoti hiyo mtu mwenye hatia kamili anaweza kuonekana kuwa na mwenendo mzuri wa miaka 20 na kosa la usiku mmoja. Cheti cha shilingi 1,050 hakina mahali pa kuandika jambo kama hilo. Kina safu ya rekodi tu, na rekodi ama ipo ama haipo.

Wanaokwenda Ghuba hukutana na neno hili mara ya pili, kwa Kiarabu. Miongoni mwa karatasi zinazotakiwa kwa kazi za Saudi Arabia, Qatar au Falme za Kiarabu kuna cheti cha polisi, ambacho Waarabu huita cha husn as-sira wa as-suluk. Mtu wa pwani hapaswi kuhitaji mkalimani hapo. Sira anaijua, kwa maana sira ya Mtume husimuliwa kila msimu wa Maulidi. Asili yake ni kitenzi cha kwenda, kama vile suluk ilivyotokana na kushika njia. Waarabu na Waswahili, kila watu kwa mizizi ya lugha yao, walimtazama mtu mwema wakamwona ni mtu anayetembea vizuri. Ofisi za pande zote mbili za bahari zikaugeuza mwendo huo kuwa muhuri.

Diani yenyewe ina swali lake kuhusu neno hili, nalo ni la nani anayedaiwa mwenendo. Mpokezi wa hoteli aliajiriwa kwa cheti. Mgeni anayempokea ameleta pasipoti na kadi ya benki. Mwezi Desemba 2006 serikali ya Kenya na UNICEF zilitoa utafiti kuhusu unyonyaji wa kingono wa watoto katika utalii wa pwani, uliohusu Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa umri wa miaka 12 hadi 18 waliingizwa katika biashara ya ngono kwa nyakati mbalimbali. Wateja hawakuwa wageni wa ng'ambo peke yao. Wakenya walikuwa kundi kubwa kuliko taifa lingine lolote.

Jibu la sekta ya utalii lilikuja kwa jina la kanuni za mwenendo. Ni kanuni za kimataifa zilizoasisiwa mwaka 1998 kwa msukumo wa shirika la ECPAT, na hoteli za pwani ya Kenya zilianza kuzitia saini katika mwaka huo huo wa utafiti. Hoteli inayotia saini huahidi kuwafunza wafanyakazi, kuweka kifungu cha ulinzi wa watoto katika mikataba yake, kuwaarifu wageni na kutoa taarifa kila mwaka. Ukizisoma kwa makini, kazi kubwa humwangukia mfanyakazi. Ndiye anayetakiwa kumtazama mgeni anayeingia na mtoto asiye wake, kushuku, na kusema, huku akijua kwamba mgeni ndiye anayelipa na yeye ndiye anayeweza kupoteza kazi.

Umbali mfupi kusini mwa hoteli hizo, mizani hugeuka. Kaya Kinondo ni msitu wa hekta 30 hivi, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni haingii peke yake. Kwanza huvua kofia, kisha hufungwa kaniki kiunoni, awe profesa au mfanyabiashara. Huambiwa kwamba hakuna kubusiana humo ndani, na kwamba haondoki na kitu, liwe jani, jiwe au ganda la konokono. Mwongozaji hatoi maelezo marefu ya falsafa. Anataja masharti, anatangulia, na mgeni aliyezoea kuhudumiwa hufuata nyuma kama kila mtu. Hakuna anayemwuliza kama ana rekodi ya uhalifu kwao. Anaangaliwa anavyotembea sasa, akiwa mbele ya macho ya watu.

Bunge limejaribu kulegeza mzigo wa wanaotafuta kazi. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamtaka mwajiri asidai vyeti kama hicho cha mwenendo mwema mpaka awe anakusudia kumpa mtu mkataba wa maandishi. Kwa maandishi, mambo yamepangwa upya: kazi kwanza, cheti baadaye. Lakini kazi za hoteli huenda kwa misimu. Mvua za masika huwapunguza wageni na wafanyakazi, Desemba huwaita kwa haraka, na mwenye cheti mfukoni huanza kazi kesho yake wakati mwenzake bado anasubiri jibu la Nairobi. Waajiri wengi pia hawakubali cheti kilichozidi mwaka mmoja, hivyo mtu ambaye hakufanya jambo lolote baya wala jipya hurudia malipo.

Sheria iliyo juu ya zote inaudai mwenendo kwa viongozi kwa ukali zaidi. Sura ya Sita ya Katiba, iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, inahusu uongozi na maadili. Kifungu cha 75 kinamtaka afisa wa taifa ajichunge katika kazi za umma, katika maisha yake ya faragha na katika kushirikiana kwake na watu wengine, asije akaishushia hadhi ofisi anayoishika. Faragha imetajwa waziwazi. Ni maswali yale yale ya wajomba wakati wa posa, yakiwa yamepelekwa kwa gavana, mbunge na wawakilishi wa wadi wanaokutana Kwale.

Utekelezaji ni habari nyingine. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ilipeleka kwa Tume ya Uchaguzi majina zaidi ya 200 ya wawaniaji kote nchini ambao uadilifu wao ulikuwa na maswali. Wengi waliruhusiwa kugombea. Sababu ilikuwa ndani ya Katiba hiyo hiyo: vifungu vya 99 na 193 vinasema mtu hawezi kuzuiwa kugombea ubunge au uwakilishi wa wadi mpaka nafasi zote za rufaa na mapitio ziwe zimekwisha. Rufaa inaweza kuchukua miaka, na kiti cha miaka mitano kikaisha kabla yake. Anayeomba kazi ya jikoni hotelini hana kifungu kama hicho. Akiwa alihukumiwa zamani kwa kuiba nazi, hukumu hutokea kwenye karatasi, na nafasi humwendea aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.